SOMO LA KOMPYUTA: BODI HAIJAFA, ITAZAME KADI YAKE



Nyuma ya darasa la wadogo kuna chumba chetu cha kompyuta, ambacho wazazi wengi waliokuja siku ya mtihani walikichungulia kisha wakatuuliza swali moja: "Kompyuta zenyewe ziko wapi?" Waliona meza, televisheni za zamani, vibodi na nyaya, wasilione lile sanduku walilolizoea. Jibu ni kwamba zipo, zimefungwa kwa skrubu nyuma ya televisheni. Kila moja ni bodi moja tu yenye urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, yaani takriban sawa na kadi ya benki.

Tunazo bodi 4. Lakini kwa muda wa miezi saba katika mwaka 2023 tulikuwa tukisema tunazo 3, kwani moja ilikuwa ndani ya mtoto wa meza ikiwa imebandikwa karatasi iliyoandikwa "IMEKUFA". Ukiitia umeme, taa nyekundu inawaka na kioo kinabaki cheusi. Tulimpelekea fundi mmoja, akaitazama, akainusa, akasema imeungua. Sisi tuliokuwa tukijiita walimu wa kompyuta tukakubali. Kisha siku moja mwanafunzi wa darasa la nne, bila ya kumuomba mtu ruhusa, akachomoa kadi ya bodi ya jirani akaitia kwenye ile bodi "iliyokufa". Ikawaka. Haikuwa na maradhi yoyote tangu mwanzo. Kadi yake ndiyo iliyoharibika. Tulimkaripia kwa kuchomoa kadi bila ruhusa, halafu tukamshukuru, naye akabaki hajui ashike lipi.

Katika somo hili tutajaribu kueleza jambo ambalo lau tungelijua siku ile tusingeiweka bodi nzima kwenye mtoto wa meza kwa miezi saba: namna kompyuta hizi ndogo zinavyoamka kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, ile tunayoiita mtaani memori.

Ni kitu gani hiki?

Bodi zetu ni za aina ya Raspberry Pi. Asili yake ni mji wa Cambridge, Uingereza, ambako taasisi ya hisani yenye jina hilo iliandikishwa mwaka 2009. Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo, akiwemo Eben Upton, walisikitishwa kuona vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuo kikuu wanakuja wakiwa wamezoea kutumia programu tu, bila ya kuwahi kutunga hata moja. Wakataka itengenezwe kompyuta ya bei ndogo ambayo mtoto ataichezea bila ya kuogopa kuiharibu. Ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Zetu tatu ni za toleo la 3, lililotoka Februari 2016, na moja ni ya toleo la 4, lililotoka Juni 2019.

Sasa kuna jambo moja ambalo ndilo msingi wa somo zima. Kompyuta ya mezani ina diski ndani yake, na mfumo endeshi wake umo humo. Bodi hizi hazina diski. Zina RAM, ni kweli, lakini RAM ni kama ubao wa darasani: unaandikwa asubuhi, unafutwa jioni, na kesho yake hakuna hata herufi moja. Umeme ukiondoka, kila kilichokuwemo kimeondoka nao. Kinachohitajika ni daftari, kitu kinachobaki na maandishi hata ukikifunga, nalo daftari la bodi hizi ni kadi ya SD. Kadi za namna hiyo zilibuniwa na kampuni tatu, SanDisk, Panasonic na Toshiba, mwaka 1999 kwa ajili ya kamera na vitu kama hivyo, na zile ndogo zaidi, ambazo ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, zilikuja mwaka 2005. Raspberry Pi za mwanzo zilitumia ile kadi kubwa. Tangu Julai 2014 zimehamia kwenye hii ya ukucha.

Kwa hiyo mfumo endeshi, jina la mtumiaji na neno lake la siri, picha, sauti, hesabu za darasa, vyote vimo kwenye kadi. Bodi ile ile ukiitia kadi nyengine inakuwa kompyuta nyengine. Na bodi bila ya kadi, katika hizi zetu za toleo la 3, huwasha taa nyekundu tu, ikasubiri, na kioo kikawa cheusi. Ndiyo hali ile ile tuliyoiita kifo.

Nani huamka kwanza?

Hapa mwanafunzi mwenye akili huuliza swali gumu. Ili bodi isome kadi inahitaji programu ya kuiambia namna ya kusoma kadi. Programu hiyo iko wapi? Kwenye kadi. Basi itaisomaje kadi ili ipate programu ya kusomea kadi? Ni kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Kwa Kiingereza kitendo hiki kilifananishwa na mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, na kutokana na mfano huo ndipo likaja neno la mafundi, kubuti.

Jibu ni kwamba si kila kitu kiko kwenye kadi. Ndani ya chipu kuu kuna programu ndogo sana iliyochomwa kiwandani, ambayo haifutiki na wala haibadiliki. Haijui kuonyesha picha, haijui kibodi. Inajua jambo moja kubwa: kuitafuta kadi, kulitazama eneo lake la kwanza lililopangwa kwa mpangilio uitwao FAT, na kutafuta humo faili lenye jina maalumu. Mfano wake ni mlinzi wa usiku ambaye kazi yake pekee ni kumgongea mlango mwenye funguo.

La kushangaza katika matoleo ya 1 hadi 3 ni kwamba anayeamka mwanzo siye prosesa kuu. Prosesa, ambayo sote tunadhani ndiyo kompyuta yenyewe, bado imelala. Kinachoamka ni kitengo cha picha, kile kinachoshughulika na kioo. Kitengo hicho ndicho kinachotekeleza ile programu ndogo ya kiwandani, nayo hulitafuta faili linaloitwa bootcode.bin. Wakati huo hata RAM haijawashwa, kwa hiyo faili hilo huwekwa kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya chipu yenyewe. Kazi ya bootcode.bin ni kuiwasha RAM, kisha kulitafuta faili la pili, start.elf. Hili ni kubwa zaidi na lina ujuzi zaidi. Linasoma faili la config.txt, ambalo ni maandishi ya kawaida mnayoweza kuyafungua na kuyasoma, lenye maagizo kama vile kioo kiwe na ukubwa gani. Linasoma na cmdline.txt, kisha linaipakia kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ndani ya RAM. Hapo ndipo prosesa kuu inapoamshwa na kukabidhiwa kazi. Kerneli nayo hulitazama eneo la pili la kadi, ambamo ndimo mlimo mfumo wenyewe na mali zenu zote, na baada ya muda kidogo mnaona kioo kinafunguka.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu moja. Ni mnyororo, na kila pete inaivuta inayofuata. Ukijua mnyororo umekatikia wapi, umeshajua ugonjwa, na hutoinusa bodi.

Ama toleo la 4 na la 5, mambo yamebadilika kidogo. Ile kazi ya bootcode.bin imehamishiwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyopachikwa juu ya bodi, ambayo inaweza kuandikwa upya. Faida yake tuliiona siku ya kwanza: bodi ya toleo la 4 ukiiwasha bila ya kadi haibaki kimya, bali huandika kwenye kioo kwamba haikuona kadi. Na hata maandishi ya chipu ile yakiharibika, kuna kadi maalumu ya tiba unayoweza kuiandaa, ukaitia, na bodi ikajiandikia upya. Bodi hizi zinaweza pia kuwaka kutoka kwenye flashi au diski ya USB, lakini hilo tunaliacha, kwa kuwa sisi hatuna diski hizo.

Kuiandaa kadi

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni hili. Anaupakua mfumo kutoka kwenye intaneti, anapata faili moja kubwa, anainakili kwenye kadi kama anavyonakili qaswida kwenye simu, kisha anaitia kadi kwenye bodi na kusubiri. Atasubiri hadi Magharibi. Faili lile ni picha ya kadi nzima, pamoja na maeneo yake yote mawili na mpangilio wake. Kulinakili kama lilivyo ni kupeleka mbao, mabati na milango kwenye kiwanja, ukavipanga vizuri, kisha ukasema nyumba iko tayari. Linatakiwa liandikwe, yaani lifunguliwe na kila kipande kiwekwe mahali pake juu ya kadi.

Kazi hiyo hufanywa na programu maalumu. Zamani tulitumia Win32 Disk Imager. Tangu Machi 2020 wenyewe Raspberry Pi wametoa yao iitwayo Raspberry Pi Imager, ya bure, na ndiyo tunayoitumia. Unachagua aina ya bodi, unachagua mfumo, unachagua kadi, unaamrisha iandike. Ikimaliza inarudia kusoma ilichokiandika ili kuhakikisha. Msiikatize hatua hiyo ya mwisho kwa haraka zenu, tumewaona.

Mambo mawili ya kuangaliwa hapo. Kwanza, kila kilichokuwemo kwenye kadi kitafutika, kwa hiyo tazameni mara mbili kwamba mliyoichagua ni kadi ya bodi na siyo flashi ya ustadhi yenye mitihani. Pili, vitabu vya zamani vinasema mtumiaji ni "pi" na neno la siri ni "raspberry". Hilo liliondolewa mwezi wa Aprili 2022. Siku hizi mnachagua jina na neno la siri wenyewe, ima ndani ya Imager kabla ya kuandika, au bodi inapowaka mara ya kwanza.

Katika kuwaka huko kwa mara ya kwanza bodi hulitanua lile eneo la pili lienee kadi nzima, na inaweza kujizima na kujiwasha. Iacheni.

Taa na kioo vinasema nini

Sasa tuseme bodi haikuwaka. Kabla ya kubandika karatasi ya kifo, itazameni.

Taa nyekundu ni ya umeme. Ile ya kijani ni ya kazi, na aghalabu humeta bodi inaposoma kadi. Ikiwa nyekundu inawaka na ya kijani haimeti kabisa katika bodi ya toleo la 3, basi ule mnyororo haujaanza: kadi haimo, au haikukaa vizuri, au ni tupu, au imekufa. Dawa yake ni kujaribu kadi nyengine mnayojua kuwa ni nzima, kama alivyofanya yule kijana wetu. Taa ya kijani ikimeta kwa hesabu, ikapumzika, ikarudia, basi inazungumza nanyi. Mara 4 maana yake faili la start.elf halikuonekana. Mara 7, kerneli haikuonekana. Mara 8, RAM ina hitilafu, na hiyo kweli ni bodi. Kuhesabu huku kunataka utulivu, na tumeona ni vyema wahesabu wanafunzi wawili kila mmoja peke yake ndipo walinganishe, kwani wakihesabu kwa sauti mmoja humfuata mwenziwe hata akikosea.

Ikiwa kioo kinaonyesha mraba wenye rangi nyingi kama upinde wa mvua kisha kinagoma hapo hapo, start.elf imefanya kazi yake na kilichokosekana ni kerneli inayofaa. Hutokea sana mtu anapochukua kadi iliyoandikwa zamani kwa ajili ya bodi ya toleo la 1 akaitia kwenye bodi mpya, kwa kuwa bodi za vizazi tofauti huweza kuhitaji faili tofauti la kerneli. Na ikiwa maandishi yanapita kwa kasi kisha yanasimama yakilalamika kwamba mfumo haukupata eneo lake, basi ama eneo la pili la kadi limeharibika, ama mtu ameligusa faili la cmdline.txt. Faili hilo lina mstari mmoja tu, na ni lazima libaki mstari mmoja. Tumeshapoteza jioni nzima kwa sababu mmoja wetu alilifungua "alitazame tu", akabonyeza kitufe cha kushusha mstari, akahifadhi.

Kuna na kadi za uongo. Tuliwahi kununua sokoni kadi 3 za GB 64 kwa bei iliyotufurahisha. Ziliandikika vizuri, zikawaka, zikafanya kazi wiki mbili, kisha mafaili yakaanza kufunguka yakiwa na takataka ndani. Tukazipima kwa programu iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi nzima kisha ikasoma tena ilichoandika, tukakuta kila moja ina GB 8 za kweli. Chipu yake imechezewa ili iseme 64. Kadi ya namna hiyo haikatai kuandikwa. Inapokea kila kitu, na kile kinachozidi uwezo wake kinapotea kimya kimya. Kwa wanaotumia Linux ipo programu ya F3 inayofanya kazi hiyo hiyo. Siku hizi hatuitii kadi yoyote kwenye bodi kabla ya kuipima, hata ikija na risiti.

Kuhusu umeme tuseme machache. Bodi ya toleo la 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, ya toleo la 4 ampea 3, ya toleo la 5 hadi ampea 5. Chaja nyingi za simu hazifiki hapo, na waya mwembamba hupunguza zaidi. Ikiwa taa nyekundu inazimika na kurudi, au alama ya radi inatokea kwenye kona ya kioo, umeme hautoshi. Bodi zetu hutoa ishara hiyo volti zinaposhuka chini ya 4.63. Na umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, kilichoandikwa nusu kinabaki nusu. Kwa ajili hiyo bodi haizimwi kwa kuchomoa waya. Izimeni kwa amri, subirini taa ya kijani itulie, ndipo mchomoe. Kwa mji wetu, ambao umeme wake hauagi unapoondoka, bodi ile ya maktaba tumeipanga kadi yake iwe ya kusomwa tu bila ya kuandikwa, na tangu hapo haijaharibika.

Sauti za wazee

Tulisita kuliandika jambo hili, lakini wanafunzi waliohusika wamesema liandikwe.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka 1445, yaani mwanzoni mwa 2024, wanafunzi wa darasa la sita walizunguka mtaani wakiwa na bodi moja, maikrofoni na betri, wakarekodi wazee 11. Kila mmoja alieleza anayoyakumbuka juu ya mtaa na madrasa: nani alitoa kiwanja, masomo yalikuwa yakifanyika wapi kabla ya jengo, nani alikuwa akipiga ngoma ya daku. Sauti zote zilikuwa kwenye kadi ya bodi ile, na hazikuwa pengine popote.

Mmoja wetu, mtu mzima wala si mwanafunzi, alitaka kuzihamishia sauti kwenye kompyuta ya ofisi, yenye Windows. Akaichomoa kadi, akaitia. Sasa kumbukeni kwamba kadi ina maeneo mawili. La kwanza, dogo, ni la FAT, na Windows inalijua. La pili limepangwa kwa mpangilio wa Linux uitwao ext4, na Windows hailijui, inaliona kama diski isiyotayarishwa. Ikatoa ujumbe kwamba diski hii inatakiwa ifomatiwe kabla ya kutumika. Mwenzetu akaamini kompyuta inamsaidia. Akakubali.

Lililofuata lilikuwa baya kuliko la kwanza. Bodi haikuwaka tena, nasi kwa fadhaa tukaiandika kadi ile ile mfumo mpya, tukidhani sauti zitarudi pamoja na mfumo. Laiti tungeitoa na kuiweka pembeni! Kufomati kwa haraka hakufuti sana maandishi yenyewe. Kunafuta fahirisi yake, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu na kurasa nyengine zikabaki. Kinachofuta hasa ni kuandika juu yake, na sisi tuliandika.

Baada ya wiki mbili tulielekezwa programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo haitazami fahirisi bali hupekua kadi yote ikitafuta alama za mwanzo wa picha na sauti. Ilifanya kazi usiku kucha. Ilirudisha sauti za wazee 4 kati ya 11, zote zikiwa zimepoteza majina, na moja imekatika katika dakika ya tisa. Tulilazimika kukaa na kusikiliza ili tujue ni nani anayezungumza. Wazee sita kati ya wale saba waliopotea walikubali kurekodiwa tena, ingawa mmoja alituambia wazi kwamba mara hii hana hamu. Wa saba alikuwa mzee aliyekieleza kisima cha msikiti, kilivyochimbwa na kwa nini kikaitwa jina lile. Alifariki baada ya Idi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yake alikuja madrasa kuomba nakala ya sauti ya baba yake, akiwa na simu yake mkononi ameitayarisha kupokea. Tulimwambia ukweli, na hakutulaumu kwa neno hata moja.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huu. Kila kadi ina namba iliyoandikwa kwa wino usiofutika, na namba hiyo imo kwenye daftari pamoja na tarehe na kilichomo. Kinachorekodiwa mchana kinanakiliwa kwenye flashi mbili kabla ya Isha, na moja ya flashi hizo hailali madrasa. Kila mwisho wa mwezi tunachukua picha ya kadi nzima na kuihifadhi kwenye diski, ili kadi ikifa siku ya Jumatatu tuiandike nyengine na darasa liendelee Jumanne. Katika hilo tulijifunza jambo dogo lililotusumbua: kadi mbili zote za GB 32 za kampuni mbili tofauti hazilingani sawasawa, na picha ya ile iliyozidi kidogo haiingii kwenye iliyopungua. Kwa hiyo kadi ya akiba iwe ya aina ile ile, au kubwa zaidi.

Na kadi ya bodi haitiwi kwenye kompyuta ya ofisi. Anayetaka kitu kilichomo aiwashe bodi, achomeke flashi kwenye bodi, anakili. Iwapo mtu amelazimika kuitia kadi kwenye Windows ili kurekebisha config.txt, ule ujumbe wa kufomati utakuja, na jibu lake ni kukataa, hata ukija mara tatu.

Kadi ya sauti za wazee bado tunayo. Imefungwa kwenye bahasha, namba yake ni 7, na hakuna anayeruhusiwa kuandika juu yake. Wanafunzi wawili wa darasa la sita wanaendelea kuipekua kwa njia nyengine, na mpaka tunaandika makala hii wamepata vipande viwili vya sauti vyenye sekunde chache, ambavyo bado hatujakubaliana ni vya nani.

Mazoezi: chukua kadi iliyoandikwa vizuri, badilisha jina la faili la start.elf liwe jina jengine, itie kwenye bodi ya toleo la 3 na uhesabu taa. Rudisha jina, kisha fanya vivyo hivyo kwa kerneli, na uandike kilichobadilika kwenye taa na kwenye kioo. Mwisho eleza kwa maneno yako kwa nini zoezi la kwanza halina maana katika bodi ya toleo la 5. Chumba kinafunguliwa kila Jumamosi baada ya Alasiri. Bodi ni za madrasa. Kadi kila mmoja aje na yake, na itapimwa mlangoni.